Msaada wakuu: diski ya TB 3 imetolewa kwenye kasha lake, kompyuta inaona GB 349 tu na inataka nifomati

#1 kamera_begani

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili limeninyima usingizi siku ya nne sasa.

Napiga picha za harusi hapa Tanga tangu 2012. Kazi zangu za miaka ya mwanzo ziko kwenye eksteno (diski ya nje) moja ya TB 3 niliyonunua 2013: harusi, maulidi, mahafali, sherehe za kuaga mabinti. Sina nakala nyingine.

Wiki iliyopita kitundu cha kuchomekea waya wa USB kililegea. Nikawa naushikilia waya kwa mkono ndipo diski isome, mwishowe kikang'oka. Fundi wa jirani akafungua kasha, akatoa hadi diski ya ndani na kuichomeka kwenye desktopu yangu kwa kebo ya SATA. Diski inazunguka vizuri, haigongi wala kukwaruza, na BIOS inaitaja kwa ukubwa wake kamili. Lakini kwenye Windows 10 folda zangu hazipo. Nikifungua Disk Management naona vipande vitatu:

349.31 GB, imeandikwa RAW
1698.69 GB, haijagawiwa
746.52 GB, haijagawiwa

Kile cha kwanza kimepewa herufi E, na nikikibofya naambiwa lazima nikifomati kabla ya kukitumia. Nimekataa kila mara. Fundi anasema patisheni (sehemu ya diski iliyogawiwa kuwekea mafaili) imekufa, nifomati tu kisha ataingiza programu ya kurejesha mafaili.

Kuna familia ya Pangani ilinipigia Jumamosi. Niliwapiga harusi ya binti yao 2014. Baba wa bibi harusi amefariki mwezi huu, na wanaomba picha zake za siku ile kwa sababu nyingine nzuri hawana. Nimewaambia nazitafuta. Natanguliza shukrani.

#2 Kijana wa Majengo

Pole sana mkuu. Fomati ya haraka haifuti data, inafuta orodha tu. Hata mimi niliwahi kufanya hivyo kwa flashi nikarudisha karibu kila kitu. Fundi wako yuko sahihi.

#3 fundi_diski

Dada, kwanza pole. Pili, hongera kwa kukataa kufomati, maana hapo ndipo ulipoziokoa picha zako. Endelea kukataa. Usibofye kufomati, usibofye kuanzisha diski upya, usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukarabati diski), usitengeneze patisheni mpya kwenye zile nafasi mbili. Ikiwezekana zima mashine sasa hivi na uchomoe kebo ya data mpaka tuelewane.

Ndugu yangu wa #2, nakuheshimu, ila hapo tuwe waangalifu. Fomati ya haraka inaandika. Inaweka sekta (kijisehemu cha diski) mpya ya mwanzo, inaweka jedwali jipya la mafaili, na kwa NTFS (mfumo wa faili wa Windows) jedwali hilo kwa kawaida huanzia karibu GB 3 kutoka mwanzo wa patisheni. La zamani nalo lilianzia hapo hapo. Maana yake lile jipya linakaa jirani kabisa na la zamani, na likianza kukua linalifuta. Ukishapoteza jedwali, unabaki na programu zinazookota picha moja moja kwa kutambua umbo lake: zinarudi bila majina, bila tarehe za folda, harusi mia moja zimechanganyika kwenye lundo moja. Kwa flashi yenye picha 200 utavumilia. Kwa TB 3 za mpiga picha wa kazi, hapana.

Na hizo namba za dada zinaonyesha kwamba huenda hakuna kilichokufa. Sitaki kusema zaidi kabla ya kuthibitisha. Naomba unijibu: kasha lile lilikuwa la kampuni iliyouza diski nzima, au ulilinunua tupu ukaweka diski mwenyewe? Uliwahi kuweka nenosiri la programu iliyokuja na eksteno? Na unaweza kupata flashi yenye Ubuntu (mfumo wa Linux unaotumika badala ya Windows), ile ya kujaribu bila kusakinisha?

#4 dada_wa_mtandao

Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Ila niseme yangu kwa faida ya wengine watakaoukuta uzi huu: diski yangu ya pili haikuonekana kabisa kwenye Kompyuta Hii, nikalia. Kumbe Disk Management ilikuwa inaiona ikiwa nzima, imekosa herufi tu. Nilibofya kulia, nikachagua kubadili herufi, nikaipa H, ikatokea.

#5 fundi_diski

Kweli dada, hilo la herufi ndilo la kwanza kuangalia kwa yeyote, na mara nyingi linaishia hapo. Kama patisheni imeandikwa NTFS na ni nzima, ila haina herufi, ipe herufi. Wakati mwingine herufi iligongana na draivu ya mtandao wa ofisini, wakati mwingine kuna mtu alizima ile tabia ya Windows kugawa herufi yenyewe. Tofauti ya mleta uzi ni kwamba yake ina herufi tayari na inasomeka RAW. RAW maana yake Windows imefika mahali ilipoelekezwa, ikatazama, isikute mfumo wa faili unaoujua.

Hapo sababu ni nyingi: sekta ya mwanzo imeharibika, patisheni ni ya Linux au ya Mac, au Windows imeelekezwa mahali pasipo. Mimi nashuku hilo la mwisho.

#6 kamera_begani

Nashukuru kaka fundi. Kasha na diski viliuzwa pamoja, kitu kimoja. Sikuwahi kuweka nenosiri. Nakumbuka zamani niliichomeka kwenye kompyuta ya studio yenye Windows XP na ilikuwa inasoma vizuri. Mdogo wangu anasoma chuo, kaja na flashi ya Ubuntu. Niandike nini?

#7 fundi_diski

Hiyo ya XP ni habari kubwa kuliko unavyodhani. XP ya kawaida, ile ya biti 32, haiwezi kusoma diski iliyogawiwa kwa mtindo wa GPT, yaani jedwali jipya la patisheni. Inajua MBR tu, jedwali la zamani. Na MBR kwa kawaida haivuki TB 2. Sasa jiulize: eksteno ya TB 3 ilisomekaje kwenye XP?

Washeni kwa flashi, mchague kujaribu bila kusakinisha. Mkifika fungueni dirisha la amri, muandike `lsblk` kwanza ili kujua diski ya TB 3 inaitwaje. Tuseme ni sdb. Kisha:

`sudo fdisk -l /dev/sdb`

Amri hii inasoma tu, haiandiki chochote. Niletee mlichokiona, hasa namba ya mwanzo wa patisheni na idadi ya sekta.

#8 kamera_begani

Imetoka hivi, mdogo wangu ameniandikia:

Diski nzima: sekta 5860533168, kila sekta baiti 512
Aina ya jedwali: dos
sdb1: inaanzia 256, sekta 732566272, ukubwa 349.3G, aina 7

#9 fundi_diski

Alhamdulillahi. Dada, keti chini unywe maji, nadhani picha zako zipo zote. Ngoja nieleze taratibu ili kila mmoja afuate hesabu, maana hesabu hii itamsaidia mtu mwingine siku nyingine.

Diski inahesabu nafasi yake kwa sekta. Jedwali la MBR, ndilo hilo lililoandikwa dos, lililokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, linakaa kwenye sekta ya kwanza kabisa. Sekta hiyo ina baiti 512: za mwanzo 446 ni za kuwashia mashine, 64 ni jedwali lenyewe lenye nafasi nne tu za patisheni, na 2 za mwisho ni alama ya 55 AA. Katika kila nafasi kuna namba mbili zinazotuhusu: patisheni inaanzia sekta ya ngapi, na ina sekta ngapi. Jedwali haliandiki popote sekta moja ina baiti ngapi. Linamwachia anayesoma ajue mwenyewe.

Kila namba imepewa biti 32, kwa hiyo haiwezi kuzidi sekta 4,294,967,296. Zidisha kwa baiti 512 unapata TB 2.2, au GB 2048 kwa hesabu ya Windows, ambayo GB moja kwake ni baiti 1024 × 1024 × 1024. Ndiyo maana diski yako ya GB 2794.52 imekatwa kwenye 2048, na kipande cha 746.52 kimebaki pembeni. Jumlisha 349.31 na 1698.69 uone inatoka ngapi.

Sasa watengenezaji wa eksteno za miaka ile walikuwa na wateja wengi wenye XP. Wakafanya hivi: ile bodi ndogo ya USB ndani ya kasha iliiambia kompyuta kwamba sekta moja ina baiti 4096, siyo 512. Kila sekta nane za diski bodi ikaziwasilisha kama moja. Kwa hesabu hiyo MBR inafika hadi GB 16,384, na XP inaridhika. Patisheni yako iligawiwa kwa hesabu hiyo.

Mzee wa zamani angesema aliyeandika alipima kwa pishi na anayesoma anapima kwa kibaba. Kwenye pishi mna vibaba vinne, hapa ni nane, lakini kosa ni lile lile: idadi ni sahihi, kipimo ndicho kilichobadilika. Fundi alipoitoa diski kwenye kasha, bodi ya kutafsiri ilibaki mezani, na desktopu inasoma zile namba kwa sekta za 512.

Hakikisha: 732566272 mara 512 ni baiti 375,073,931,264, ndiyo GB 349.31 unazoziona. Mara 4096 ni baiti 3,000,591,450,112. Hizo ni TB 3 zako.

#10 Nyayo za Mvita

Subhanallah. Fundi, nimeisoma mara tatu. Mimi niko Mombasa na miaka mitatu iliyopita nilitupa diski ya TB 4 iliyotoka kwenye kasha kwa dalili hizi hizi. Ilinionyesha kama GB 465 hivi. Nikagawanya sasa hivi: TB 4 kwa nane. Ilikuwa ndiyo hii.

#11 fundi_diski

Pole sana ndugu yangu. TB 4 ni kama GB 3726 kwa Windows, moja ya nane ni 465 na kitu. Ndiyo yenyewe.

#12 sauti_ya_chini

Naomba nipinge kidogo kwa nia njema. Hesabu ni nzuri, ila tunajuaje kwamba si bahati tu? Na nimewahi kusikia kuna makasha ambayo bodi yake inafunga data kwa fumbo, hata usipoweka nenosiri. Tusimpe dada matumaini kisha yavunjike.

#13 fundi_diski

Umesema kweli na nilikuwa naelekea hapo. Zipo bodi za USB zinazosimba kila baiti inayopita, na ufunguo uko kwenye bodi hiyo hiyo. Ukitoa diski na kuichomeka SATA, unasoma takataka kuanzia sekta ya kwanza. Katika hali hiyo inabidi kuirudisha bodi ile ile, yaani kumtafuta fundi wa kusolda kitundu kipya cha USB. Ndiyo maana dada, bodi ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye karatasi uiweke mahali salama, hata kama imevunjika.

Ila kwa dada kuna dalili nzuri: jedwali limesomeka likiwa na aina 7, ambayo ni NTFS au exFAT. Kama diski nzima ingekuwa imesimbwa, hata jedwali lisingesomeka hivyo. Tuthibitishe sasa. Kama nadharia ni sahihi, mwanzo wa NTFS uko kwenye sekta ya 256 kwa kipimo cha 4096, yaani baiti 1,048,576 kutoka mwanzo wa diski. Andikeni:

`sudo dd if=/dev/sdb bs=4096 skip=256 count=1 | hexdump -C | head`

Angalieni kwa makini iwe `if=` na siyo `of=`. Herufi moja ile hubadili kusoma kuwa kuandika, na dd haiulizi mara mbili. Mstari wa kwanza ukianza na eb 52 90 na pembeni yake pakasomeka NTFS, tumefika.

#14 kamera_begani

Huu hapa, mikono inatetemeka:

`eb 52 90 4e 54 46 53 20 20 20 20 00 10 01 00 00  |.R.NTFS    .....|`

#15 fundi_diski

Tumefika dada. Na tazama zile baiti mbili baada ya nafasi nne tupu (zile 20 nne): 00 10. Zinasomwa kinyume, la nyuma mbele, zinakuwa 1000 kwa hesabu ya kumi na sita, yaani 4096. Hapo NTFS yenyewe inatamka kwamba iliumbwa kwenye diski ya sekta za baiti 4096. Ndugu wa #12, hiyo si bahati.

Sasa tusikimbilie. Diski ina zaidi ya miaka kumi. Kabla ya kufungua folda tuulize afya yake:

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Kama haipo, sakinisheni smartmontools. Nataka mistari mitatu tu, namba 5, 197 na 198.

#16 fundi wa Kigamboni

Wakati tunasubiri, naomba kuuliza nisianzishe uzi mwingine. Nina laptopu ya Intel kizazi cha 11, nataka kuweka Windows upya, nikifika pale pa kuchagua diski hakuna kitu, orodha tupu. SSD ni nzima, Windows ya zamani inawaka nayo.

#17 dada_wa_mtandao

Hiyo niliikuta kazini. Ni VMD ya Intel, imeweka SSD nyuma ya kidhibiti chake na flashi ya Windows haina draiva yake. Pakua draiva ya Intel Rapid Storage kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifumue, weka folda yake kwenye flashi, kisha pale pale pa orodha tupu bofya kupakia draiva. Unaweza pia kuzima VMD kwenye BIOS, lakini ukiizima Windows iliyopo sasa haitawaka mpaka uirudishe, kwa hiyo fanya hivyo kama umeshahifadhi vitu vyako.

#18 fundi wa Kigamboni

Imekubali kwa draiva. Asante sana dada.

#19 kamera_begani

Namba 5 ni 0. Namba 197 ni 8. Namba 198 ni 0. Hiyo 8 ni mbaya?

#20 fundi_diski

Ni onyo, siyo msiba. 197 ni sekta ambazo diski ilishindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. Diski nyingi za umri huu kwa ndani zina sekta halisi za baiti 4096 ingawa zinajitambulisha kwa 512, kwa hiyo sehemu moja iliyochoka inahesabiwa nane. Una doa moja.

Lakini doa moja kwenye diski yenye nakala pekee linanitosha kusema: tusiifanyie kazi hii diski. Tunaichukua nakala pacha yote, kisha kazi zote zifanyike kwenye nakala. Utahitaji diski ya TB 4. Najua bei yake, na nisingekutajia kama ningeona njia nyingine ya heshima. Ifomatiwe exFAT au NTFS, siyo FAT32, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4 na nakala yetu itakuwa faili moja la TB 3.

Sakinisha gddrescue, kisha:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb /media/ubuntu/mpya/harusi.img /media/ubuntu/mpya/harusi.map`

La kwanza ni inakotoka, la pili inakokwenda. Rudia kusoma mstari huo mara tatu kabla ya kubonyeza. Lile faili la mwisho la map ni kumbukumbu ya ilipofika, kwa hiyo umeme ukikatika unawasha tena, unaandika amri ile ile, na inaendelea ilipoachia. Kwa kasi ya MB 120 kwa sekunde itachukua kama saa 7.

#21 Nyayo za Mvita

Kuhusu umeme, niongeze jambo. Kwetu diski ya ofisi ilikatikiwa na umeme wakati mtu anagawanya patisheni, ikaamka haina kitu. Hiyo ilikuwa GPT. Uzuri wa GPT ni kwamba inaweka jedwali mara mbili, moja mwanzoni na jingine mwisho kabisa wa diski. Kijana mmoja alifungua gdisk (programu ya kuhariri GPT), akaingia sehemu ya uokoaji kwa r, akachagua b ili kichwa cha nyuma kijenge upya cha mbele, akatazama orodha kwa p, akaridhika, ndipo akaandika kwa w. Patisheni zote tatu zikarudi.

#22 fundi_diski

Sahihi, na sifa kwa kijana kwa kutazama kabla ya kuandika. MBR haina pacha. Ikifutika inabidi programu ya TestDisk ipekue diski nzima ikitafuta mianzo ya mifumo ya faili. Hata hivyo TestDisk isingempatia dada jibu moja kwa moja: kwanza angetakiwa kuibadilishia ukubwa wa sekta kuwa 4096 kwenye sehemu ya jiometria. Bila hivyo ingepekua usiku kucha kwa kipimo kibaya.

#23 sauti_ya_chini

Je, kuna njia ya kurekebisha jedwali ili Windows isome diski hapo hapo kwenye SATA? Wengine hawana fedha ya TB 4.

#24 fundi_diski

Kwa nadharia ipo. Inabidi uandike jedwali jipya la GPT lenye mwanzo wa 2048 badala ya 256, kisha uhariri sekta ya mwanzo ya NTFS: baiti kwa sekta ziwe 512, sekta kwa klasta (fungu la sekta) zizidishwe kwa nane, na jumla ya sekta nayo izidishwe kwa nane. Nimeona watu wamefanikiwa. Simshauri mtu yeyote kuifanya kwenye nakala pekee ya kazi yake, kwa sababu kila hatua ni kuandika juu ya kitu kizima.

Asiye na fedha ana njia isiyoandika chochote, ndiyo hii nitakayompa dada. Inafanya kazi kwenye diski yenyewe pia, na unaweza kunakili folda muhimu tu kwenye flashi ya GB 64. Njia nyingine ni kutafuta adapta ya USB ambayo nayo inatafsiri kwa 4096. Zipo, lakini kwenye boksi hawaandiki, itabidi ujaribu dukani na diski yako mkononi.

#25 kamera_begani

Nimenunua TB 4, na shemeji ameniazima yake ya kuwekea mafaili. Nilianza saa mbili usiku, nikaenda kulala saa saba. Umeme ulikatika alfajiri. Nimewasha, nimerudia amri, ikaendelea pale pale kama ulivyosema. Imemaliza saa tano asubuhi. Inasema imeokoa yote isipokuwa baiti 4096.

#26 fundi_diski

Baiti 4096. Lile doa moja. Sasa ichomoe diski ya zamani kabisa, iweke pembeni na ile bodi yake. Tunafanya kazi kwenye nakala:

`sudo losetup -r -P -f --show -b 4096 /media/ubuntu/mpya/harusi.img`

Hapo unaiambia Linux ichukue faili hili kama diski, isome tu bila kuandika, itafute patisheni, na ihesabu kila sekta kuwa baiti 4096. Yaani inafanya kazi ile ile ya bodi iliyovunjika. Itakujibu jina, tuseme /dev/loop20. Kisha:

`sudo mount -o ro /dev/loop20p1 /mnt`
`ls /mnt`

#27 kamera_begani

Wakuu.

Zipo. Zote zipo. 2012, 2013, 2014 hadi 2019, na majina ya folda kama nilivyoyaandika mwenyewe. Nimefungua folda ya Pangani. Picha ya 118 baba amemshika binti mkono mlangoni, anamnong'oneza kitu, na binti anacheka. Nilikuwa nimeisahau. Nimekaa chini nikalia mbele ya mdogo wangu.

Nanakili sasa kwenda kwa diski ya shemeji. Faili moja tu limegoma, video ya mahafali ya 2016, inakwama katikati.

#28 Kijana wa Majengo

Dada nimefurahi mno. Na naomba radhi kwa ushauri wa #2. Nilimaanisha mema ila ningekuponza. Nimejifunza.

#29 dada_wa_mtandao

Mungu ni mwema. Hebu nikuulize fundi, ile diski ya zamani aifanyie nini?

#30 fundi_diski

Asiiguse mpaka mafaili yamekaa sehemu mbili tofauti na amefungua folda kadhaa kuhakikisha. Akisharidhika, aiunganishe kwenye SATA, aigawe upya kwa GPT na kuifomati kikamilifu, siyo kwa haraka, kisha aangalie tena namba 197. Ikirudi 0, na 5 ikabaki chini, anaweza kuwekea nakala ya tatu. Ikipanda, asiiamini tena.

Ile video, jaribu VLC. Huwa inaruka sehemu iliyoharibika na kuendelea.

#31 kamera_begani

VLC imeruka, nimepoteza kama sekunde mbili za hotuba.

Jana nilipanda basi la Pangani na flashi mkononi, sikutaka kutuma kwa mtandao. Wamechagua ile ya 118. Tumeichapisha kubwa na iko ukutani sebuleni, na mjane akaniuliza kama ninajua alimnong'oneza nini. Binti yake akamjibu.